Need for Speed: kwa nini mchezo wa 2005 bado unashinda mipya mingi

Jioni ikifika Uvira, umeme ukiwa upo na joto limeanza kupungua, vyumba vya michezo ya video vya Mulongwe, Kakombe, Kimanga na Kalundu vinajaa watoto na vijana. Wengi wanakuja kucheza mpira. Lakini mara nyingi kuna televisheni moja ya pembeni ambako magari yanakimbizana, polisi wako nyuma, na kijana aliyeshika manete anainama kulia na kushoto kana kwamba mwili wake ndio unakata kona. Mchezo huo mara nyingi ni Need for Speed.

Hilo jina ndilo linaleta shida. Kuna Need for Speed zaidi ya ishirini, na haziko sawa hata kidogo. Kuna iliyotoka 2005 ambayo watu wanaicheza mpaka leo bila kuichoka. Kuna iliyotoka miaka mitatu baadaye, jina lile lile, kampuni ile ile, na wengi waliitupa pembeni baada ya wiki moja. Kuna nyingine ina picha nzuri ajabu, lakini bila intaneti haichezeki kabisa. Mwenye chumba akivuka mpaka wa Kavimvira kwenda Bujumbura kutafuta CD, au akiagiza kwa mfanyabiashara anayetoka Kigoma, anaweza kurudi na dhahabu au na kokoto. Makuta anayotoa ni yale yale.

Kwa hiyo inafaa kuelewa: mfululizo mmoja, unaotengenezwa na kampuni kubwa yenye pesa, unawezaje kupanda na kushuka namna hii?

Ulianzia wapi

Need for Speed ya kwanza ilitoka 1994. Kampuni inayoimiliki ni Electronic Arts ya Marekani, ambayo watu wanaiita kwa kifupi EA, na kazi yenyewe ilifanywa na tawi lake la Kanada. Wakati ule walishirikiana na Road & Track, gazeti la Marekani la mambo ya magari, ili magari ya kwenye mchezo yaende na kulia kama ya kweli. Polisi walikuwemo tangu mwanzo.

Lakini hata katika miaka ile ya kwanza mfululizo haukusimama mahali pamoja. Toleo la pili, la 1997, liliondoa polisi. La tatu, la 1998, liliwarudisha, tena likamruhusu mchezaji kuwa polisi mwenyewe na kuwafukuza wengine. Lile la 2000 lilikuwa na magari ya Porsche peke yake. Mtu aliyependa toleo moja hakuwa na uhakika kwamba linalofuata lingekuwa na kile alichokipenda.

Tabia hiyo haijabadilika. Kila toleo ni kama mgahawa wenye kibao kile kile mlangoni, lakini mpishi anabadilishwa na chakula kinabadilishwa.

Miaka mizuri: 2003 mpaka 2006

Mwaka 2002 EA ilinunua studio ya Kanada iitwayo Black Box. Hao ndio walioleta kipindi ambacho vijana wengi wa Afrika Mashariki na mashariki mwa Kongo wanakifahamu, kwa sababu kilikutana na PlayStation 2. PS2 iliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na zile zilizotumika Ulaya na Uarabuni zilifika mpaka huku, zikiwa na CD zake.

Underground ilitoka 2003. Sinema ya The Fast and the Furious ilikuwa imetoka 2001, na dunia nzima ilikuwa imeanza kupenda magari ya mtaani yaliyorembwa: taa za rangi chini ya gari, rangi za kung'aa, mabawa ya nyuma. Underground ilichukua hiyo hewa. Magari yake hayakuwa ya matajiri tu. Yalikuwemo ya kawaida, kama Honda Civic, ambayo mchezaji anaanza nayo ikiwa dhaifu na anaijenga polepole. Underground 2, ya 2004, iliongeza mji mzima wa kuzungukia kwa uhuru kati ya shindano moja na jingine.

Halafu Novemba 2005 ikaja Most Wanted. Hii ndiyo wengi wanaiita tu "ile ya BMW".

Inaanza na kitu rahisi ambacho mtoto yeyote anakielewa: mchezaji anadhulumiwa. Anaingia mji wa Rockport na BMW M3 GTR yake. Anashindana na mtu anayeitwa Razor. Gari lake limechezewa kwa siri, linamwaga mafuta na kumzimia katikati ya shindano. Razor analichukua, na polisi wanamkamata mchezaji. Akitoka, hana gari. Mbele yake kuna orodha ya madereva kumi na tano, na Razor ndiye namba moja, anaendesha BMW iliyoibwa. Mchezaji anaanza chini, namba kumi na tano, na kupanda mmoja mmoja mpaka arudishe mali yake.

Lakini hadithi peke yake isingetosha. Uzito wa Most Wanted uko kwenye namna sehemu zake zinavyoshikana. Ili kumfikia dereva anayefuata kwenye orodha, kushinda mashindano hakutoshi. Lazima pia usumbue polisi: ukimbizwe kwa dakika kadhaa, uharibu mali ya serikali, ukwepe vizuizi. Kadiri unavyosumbua ndivyo polisi wanavyoongezeka, mpaka barabara inafungwa na misumari inatandazwa. Ukitoroka, umepata ulichokitafuta. Ukikamatwa, unalipa faini, na gari likikamatwa mara nyingi unaweza kulipoteza moja kwa moja. Kila dakika ya kukimbizwa ina faida na ina hasara, na mchezaji ndiye anayeamua aendelee au ajifiche.

Ndiyo maana watu husimama nyuma ya mchezaji kutazama. Shindano la kawaida linaisha kwa dakika chache na anayetazama hajui mengi. Kukimbizwa na polisi kunaweza kuchukua robo saa, na kila aliye chumbani anatoa shauri.

Carbon, ya 2006, iliendeleza kazi hiyo na kuongeza mashindano ya milimani usiku. Upande mmoja mwamba, upande mwingine korongo, na ukivunja kizuizi ukaanguka umepoteza shindano. Dereva yeyote anayepanda Ngomo kutoka Kamanyola kwenda Bukavu anaelewa wazo hilo bila kufundishwa.

Kushuka

Hesabu miaka: 2003, 2004, 2005, 2006. Kila mwaka mchezo mpya, kila mara karibu na mwezi wa Novemba, kabla ya Noeli ambapo wazazi wa Ulaya na Marekani wananunua zawadi. Studio ile ile. Iliendelea 2007 na 2008.

ProStreet, ya 2007, iliondoa mji, iliondoa polisi, na kuingiza magari ndani ya viwanja vya mashindano vilivyofungwa. Gari likigonga, mchezaji analipa matengenezo. Kuna watu waliipenda, na si mchezo mbaya kwa anayetaka mashindano ya uwanjani. Lakini aliyetoka Most Wanted akiwa na hamu ya kukimbizwa na polisi alikuta mlango umefungwa.

Mwaka uliofuata, Undercover ilijaribu kurudisha vyote: mji, polisi, hadithi. Shida ni kwamba ilitoka haijaiva. Kwenye mashine nyingi picha ilikuwa inakwama-kwama gari likienda kasi, na katika mchezo wa magari hilo ni kama redio inayokatika katikati ya habari. Polisi walikuwemo, lakini kukimbizwa hakukuwa na uzito ule wa 2005. Wachambuzi waliikosoa sana.

Kiongozi wa EA wakati huo, John Riccitiello, alikiri mwenyewe hadharani kwamba studio ya Black Box ilikuwa imechoshwa na mwendo wa kutoa mchezo kila mwaka, na kwamba muda ulikuwa mdogo mno. Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa kugawa kazi: studio moja ikitoa mchezo mwaka huu, nyingine iwe tayari inaandaa wa mwaka ujao.

Yeyote anayelima anaelewa jambo hilo. Shamba la bonde la Ruzizi likilimwa msimu baada ya msimu bila kupumzishwa wala kuwekewa mbolea, mavuno ya kwanza yanaweza kuwa mazuri, ya pili pia, lakini siku moja mahindi yanatoka na vigunzi vyembamba. Mkulima ni yule yule na jembe ni lile lile.

Wapishi wengi

Kuanzia 2009 mfululizo ukaanza kuzunguka mikononi mwa watu tofauti. Shift ya 2009 ilitengenezwa na Slightly Mad Studios ya Uingereza: mashindano makini ya uwanjani, gari linaloteleza kweli, mchezaji anaona dereva akiyumba ndani. Hot Pursuit ya 2010 ilitengenezwa na Criterion, pia ya Uingereza: magari ya bei kali, barabara ndefu, polisi na wakimbiaji, karibu hakuna hadithi. Zote mbili zilisifiwa, lakini ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu anayependa moja anaweza kuichukia nyingine, na makosa si yake.

Mwaka 2011 Black Box walirudi na The Run, shindano moja refu kutoka San Francisco mpaka New York. Wazo lilikuwa zuri, lakini ni fupi sana; mchezaji mzoefu anaimaliza kwa siku moja. Ndiyo ikawa Need for Speed kubwa ya mwisho ya Black Box, na studio hiyo ilifungwa 2013.

Mwaka 2012 Criterion wakatoa mchezo mwingine na kuupa jina Most Wanted. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotegwa. Hii si ile ya 2005 iliyoboreshwa. Hakuna Razor, hakuna hadithi ya gari lililoibwa, na magari mengi mchezaji anayapata mapema kwa kuyakuta tu yameegeshwa mjini. Kwa mtu anayetaka kuendesha bila maneno mengi ni mchezo mzuri. Kwa kijana aliyetumwa na wenzake "ile ya BMW", ni hasara.

Kisha kazi ikahamia Sweden, kwa studio iitwayo Ghost Games. Walitoa Rivals 2013, wakapumzika 2014, na 2015 wakatoa mchezo ulioitwa Need for Speed peke yake, bila neno la kuongeza. Baada yake Payback 2017 na Heat 2019. Mwaka 2020 EA ikarudisha mfululizo kwa Criterion, ambao walitoa Unbound Desemba 2022. Tangu hapo Criterion wameelekezwa kwenye mchezo wa vita wa Battlefield.

Kwa hiyo katika miaka isiyozidi ishirini, kazi imepita Kanada, Uingereza, Sweden na kurudi Uingereza. Kila timu mpya inajifunza upya mambo ambayo timu ya zamani iliyajua kwa vidole: gari linapaswa kuwa zito kiasi gani, polisi wawe wakali kiasi gani, kona iteleze vipi. Ujuzi wa namna hiyo hauandikwi wote kwenye karatasi. Watu wakiondoka, sehemu yake inaondoka nao.

Kupumzika peke yake hakutoshi

Mtu anaweza kusema: basi dawa ni muda. Toleo la 2015 linaonyesha kwamba si muda tu.

Ghost Games walipata miaka miwili. Picha ya mchezo huo, mji wa usiku wenye lami iliyolowa mvua, bado inapendeza hata leo. Lakini kampuni iliamua kwamba mchezo ule lazima uunganishwe na intaneti wakati wote, hata kama mtu anacheza peke yake. Intaneti ikikatika, mchezo unasimama.

Kwa mtu wa Göteborg ambaye intaneti iko ukutani kama maji ya bomba, hilo ni usumbufu mdogo. Kwa chumba cha michezo cha Uvira, ambako mtu ananunua mega kwenye simu na kuzihesabu, ni sawa na kuuziwa gari lisilo na tangi la mafuta: unalitembeza tu pale unapomshika mwenye kituo mkono. CD iko mkononi, imelipiwa, lakini haitumiki.

Kuna hatari nyingine ndani yake. Mchezo unaotegemea kompyuta za kampuni utakufa siku kampuni ikizima kompyuta hizo. Need for Speed World, uliochezwa kwenye intaneti peke yake, ulifungwa Julai 2015 na haukuchezeka tena kwa njia ya kampuni. Kampuni nyingine, Ubisoft ya Ufaransa, ilifanya vile vile kwa The Crew mwaka 2024: hata aliyekuwa na CD yake alibaki na plastiki. Mwaka 2021 EA iliacha kuuza kwenye intaneti Carbon, Undercover, Shift zote mbili na The Run, na baadaye mwaka huo ikazima huduma zake za mtandaoni. Lakini mwenye CD za michezo hiyo mitano bado anaweza kucheza peke yake, kwa sababu yote aliyohitaji yako ndani ya CD.

Payback ya 2017 ilileta kosa la namna nyingine. Ili kuongeza nguvu ya gari, mchezaji alihitaji kadi, na kadi hizo zilitoka kwa bahati nasibu au kwa kurudia mashindano mara nyingi. Waliolalamika walisema mchezo umegeuzwa kama mashine ya kamari, na wiki chache baadaye watengenezaji wakapunguza ukali wake. Katika Heat, miaka miwili baadaye, masanduku ya bahati nasibu hayakuwekwa. Heat pia ilirudisha kitu cha 2005: mchana unashindana kwa pesa, usiku unashindana kwa sifa huku polisi wakikufuata, na ukikamatwa unapoteza sehemu ya ulichokusanya. Hofu ya kupoteza ilirudi, na watu wengi waliipenda. Tena mchezaji peke yake anaweza kuicheza bila intaneti.

Toyota iko wapi?

Kuna jambo moja vijana wa Uvira wameliona bila kuambiwa. Katika michezo ya zamani Toyota ipo. Underground ina Supra na Celica. Underground 2 ina ile Corolla ya miaka ya themanini. Most Wanted ya 2005 ina Supra. Lakini Payback na Heat hazina Toyota hata moja. Katika mji ambao Probox, Noah, Hiace na Land Cruiser ndizo zinajaza barabara ya taifa namba 5 kutoka Kavimvira mpaka Kalundu, hilo linashangaza.

Sababu ni ruhusa. Kampuni ya magari lazima ikubali jina, umbo na alama yake vitumike, na mkataba huo una muda. Kwa kipindi hicho Toyota haikuwa imekubali magari yake yatumike katika michezo hiyo ya mashindano ya mtaani. Porsche ilikuwa kinyume: kwa miaka mingi EA ndiyo ilikuwa na haki yake peke yake, na michezo ya kampuni nyingine ilibidi ipite njia za kuzunguka mpaka mkataba ulipoisha mwishoni mwa 2016.

Mikataba hiyo ni moja ya sababu zinazoweza kufanya michezo ya zamani ya magari iondolewe madukani ya mtandaoni. Ruhusa ikiisha, kampuni haiwezi kuendelea kuuza bila kulipa tena. Kwa hiyo CD ya zamani ambayo bado inasoma vizuri ina thamani kuliko wengi wanavyofikiri.

Mfano wa karibu: Safari Rally

Hali hii si ya Need for Speed peke yake. Michezo rasmi ya mashindano ya dunia ya rali, WRC, inaonyesha jambo lile lile, na ndani yake kuna Kenya.

WRC ya kwanza ya PS2, ya 2001, ilikuwa na Safari Rally. Mwaka 2002 Colin McRae alishinda Safari, kisha Kenya ikatoka kwenye ratiba ya dunia kwa miaka mingi, na ikapotea pia kwenye michezo iliyofuata. Studio ya Evolution ya Uingereza ilitengeneza michezo hiyo mpaka 2005. Halafu kukawa na pengo, kisha Waitaliano wa Milestone wakaichukua kuanzia 2010, kisha Wafaransa wa KT Racing kuanzia 2015. KT Racing nao walitoa mchezo kila mwaka, 2015, 2016, 2017, na sifa zilikuwa za wastani. Mwaka 2018 hawakutoa kitu. WRC 8 ya 2019, iliyopata muda zaidi, ndiyo watu walisema sasa hapa kuna kazi.

WRC 9 ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Kenya ndani yake. Rali yenyewe ilipaswa kurudi mwaka huo, lakini korona ikaifuta. Kwa hiyo wachezaji waliendesha kwenye vumbi la Naivasha kabla ya madereva wa kweli, ambao walifika Juni 2021, na Sébastien Ogier akashinda. Baadaye haki ya mchezo ikahama tena, kwenda Codemasters ambayo EA iliinunua 2021. Mchezo wao wa 2023 ulisifiwa kwa jinsi gari linavyotembea, lakini kwenye kompyuta nyingi picha ilikuwa inakwama ulipotoka. Mwaka 2025 wakatangaza kwamba wanaacha. Mkono mpya, haraka, marekebisho, kisha mkono mwingine tena.

Kabla ya kutoa makuta

Kwa mwenye chumba, au mzazi anayetaka kumnunulia mtoto, mambo machache yanaweza kuokoa pesa.

Kwanza, angalia mwaka, usiangalie jina tu. Most Wanted ziko mbili, 2005 na 2012. Hot Pursuit ziko za 1998, 2002 na 2010. Iliyoitwa Need for Speed bila neno jingine ni ya 2015, na ndiyo inayodai intaneti wakati wote. Mwaka huandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kava au kwenye CD yenyewe.

Pili, angalia mashine. Jina moja na mwaka mmoja bado si mchezo mmoja. Hot Pursuit 2 ya 2002 kwenye PS2 ilitengenezwa na Black Box, lakini ya kompyuta ilitengenezwa na timu nyingine, na ya PS2 ndiyo inayosifiwa. Most Wanted ya PSP si sawa na ya PS2. Na Unbound haikutengenezwa kwa PS4. Ni ya PS5, Xbox za kizazi kile kile na kompyuta. Anayeuziwa "Unbound ya PS4" ajue anadanganywa.

Tatu, uliza kama inacheza bila intaneti, na ukiweza ijaribu pale pale dukani, simu ikiwa imezimwa. Muuzaji mwaminifu hatakataa.

Nne, angalia uso wa CD kwenye mwanga. Mikwaruzo midogo si neno, lakini mstari mrefu unaozunguka kufuata duara ni hatari kuliko unaokata kutoka katikati kwenda ukingoni, kwa sababu mashine inasoma kwa kuzunguka.

Tano, linda hifadhi. Umeme ukikatika mchezo wa PS2 unapokuwa unaandika kwenye memori kadi, safari yote ya kupanda ile orodha ya kumi na tano inaweza kupotea. Kwa mji unaojua umeme kuondoka bila kuaga, ni vizuri kuhifadhi mara tu shindano linapoisha, na kuwa na kadi ya pili ambayo hifadhi imenakiliwa.

Kwa kifupi, anayetaka kukimbizwa na polisi na hadithi ya kufuata achukue Most Wanted ya 2005 au Carbon; kwa mwenye PS4, Heat. Anayetaka kurembesha gari, Underground 2. Anayetaka mashindano ya uwanjani, Shift. Anayetaka mwendo kasi bila maneno, Hot Pursuit ya 2010, ambayo ilitolewa upya 2020 kwa PS4. Undercover, Payback na ile ya 2015 ziwe za mwisho kwenye orodha, hata kama kava lake linang'aa kuliko nyingine.

Na kijana akija na CD ya zamani yenye BMW ya rangi ya fedha na buluu kwenye kava, mwenye chumba asicheke kwa sababu ni ya 2005. Aipanguse kwa kitambaa laini, aijaribu kwenye mashine, na ikisoma, wakubaliane bei.